Simu Isiyo na Tundu la Hedifoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mansour mkuu wa chuo chetu, wazee wetu, na nyinyi wahitimu wa ufundi simu mnaong'ara leo, Assalaam alaykum.

Tulipokuwa tukisubiri kuanza, nimewasikia hapo barazani mkibishana. Mmoja anasema simu mpya zisizo na redio wala tundu la hedifoni ni pungufu. Mwengine anamjibu, "Nani anavihitaji siku hizi?" Mimi Faiza, mwenye duka la simu Mwanakwerekwe, ubishi huo ulinifika kwa njia ya Bi Sichana, mkulima wa mwani wa Matemwe.

Alikuja dukani jua la utosi, mkononi simu mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Wanangu, tundu liko wapi?"

Fundi wangu Amour akacheka. "Bi Sichana, hayo yamepitwa na wakati. Redio zote zimo kwenye intaneti. Hukukosa kitu."

"Nnachokisikiliza mimi hakimo huko."

Akatoa simu yake ya zamani, tundu limejaa chumvi, akaomba itengenezwe. Yeye na dada yake Mwanapili walikuwa wakifunga mwani huku wakisikiliza redio, waya mmoja, kila mtu sikio lake. Mwanapili akafariki. Tangu hapo, Bi Sichana akiiacha redio baina ya vituo viwili, penye mvumo mtupu, dada yake humsemesha.

Mngemjibu nini nyinyi? Mimi nilichukua brashi. Nikalisafisha tundu, akachomeka hedifoni zake na kuiweka redio pale penye mvumo, na katika kujaribu, nikatia sikio moja, naye akatia la pili. Mvumo. Kisha, ndugu zangu, ndani ya mvumo ule mwanamke akasema taratibu, kama aliye nyuma ya pazia: "Sichana, mbona umechelewa? Maji yanajaa."

Nikageuka kumtazama. Bi Sichana anatabasamu, machozi yanamtiririka. Sauti ikatulia, halafu ikauliza: "Na huyo uliye naye ni nani?"

Nikafungua mdomo. Bi Sichana akaniziba kwa kiganja chake. "Usiitike," akaninong'oneza. "Usimpe jina lako."

Akaenda zake na simu yake. Siku chache baadaye akarudi, amekonda, akaiweka mezani.

"Habari zangu haulizi tena. Kila nikiwasha, anakuuliza wewe. Leo kakutaja kwa jina. Mimi sikumpa, Faiza. Wallahi sikumpa."

"Sasa tufanyeje, Bi Sichana?"

"Ivunjeni hii. Mimi nitatumia ile isiyo na tundu." Akaisogeza simu upande wangu. "Dada yangu nampenda. Lakini wewe una watoto wadogo."

Aliyeivunja ni Amour, yule yule aliyecheka.

Wahitimu, mteja akikwambieni simu imepungukiwa, msimcheke. Muulizeni kwanza, kitu hicho alikuwa akikitumia kwa lipi? Kwa watu wote huenda kisiwe chochote, na kwa mmoja kikawa ndicho kilichombakisha na nduguye.

Bi Sichana huyu hapa, safu ya mbele. Simu yake haina redio, wala hajalalamika. Ila kila nikimpigia, hata salamu haitikii kwanza. Huniambia, "Niambie jambo tunalolijua sisi wawili tu, nipate kujua ni wewe."

Nakushukuruni nyote mlionitegea masikio.