Mkono Ulioniziba Mdomo

Asalaam aleikum, wazee wangu na akina mama. Na ninyi ndugu zetu Wakristo, amani iwe kwenu. Mwenyekiti wa mtaa aliponiomba nizungumze kwenye mkutano huu leo, nilimwambia mimi siwezi kusimama mbele za watu. Akasema, basi zungumza umekaa. Kwa hiyo mtanisamehe, nazungumza nimekaa. Majina sitataja, hata la marehemu. Walionisaidia wanajijua.

Wengi hapa Ruangwa mliniona kwa dada yangu, mkadhani nilikuja mjini kutafuta maisha. Hapana. Mimi ni mkulima wa Nambilanje. Nalima ufuta, nina mikorosho, na mihogo ya kula nyumbani. Nilikuwa na watoto wawili, binti mkubwa na mdogo wake anayesoma shule ya msingi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa anasubiri kusikia kama amepata nafasi ya kusomea uuguzi.

Msimu ule tembo walikuwa wanaingia sana mashambani. Ufuta ulikuwa umekomaa, kwa hiyo mimi, baba watoto na binti tukahamia kwenye kibanda cha shamba tuulinde. Mdogo tulimwacha kwa bibi yake.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, binti alichukua ndoo akashuka kisimani. Ni karibu tu, ukisimama kibandani unamwona. Mimi nakoroga uji. Nikasikia matawi yanavunjika upande wa mikorosho. Akatokea tembo jike, na mtoto wake akatokea upande wa pili, kule kwenye maji. Binti yangu akawa katikati yao.

Nilitaka kumwita. Baba watoto akanikamata kwa nyuma, mkono mmoja tumboni, mwingine akaniziba mdomo. Alinibana hivyo mpaka mambo yakaisha. Ndugu zangu, nawaambia hadi hapo tu. Niliona, na sauti yangu haikutoka.

Tulizika. Majirani walijaa, askari wa wanyamapori walikuja, viongozi walikuja. Kila mtu ananiambia, "Mshukuru mumeo, amekuokoa. Ungepiga kelele, tembo angewamaliza wote." Na mimi nilijua ni kweli. Kichwa kilijua. Mwili wangu ndio haukujua.

Baada ya matanga, mtu akivunja kuni nyuma ya nyumba, najikuta nimelala chini, sijui nimefikaje. Uji siwezi kuupika, harufu yake tu inanitapisha. Na baba watoto akinigusa bega, natetemeka kama mtu mwenye malaria. Akiweka mkono, nahisi nazibwa mdomo, pumzi inakata. Yeye akiona vile, anautoa mkono na kuuficha mfukoni. Hatukugombana. Tuliacha tu kuongea.

Halafu siku moja simu ikaita. Alikuwa mwalimu wa shule aliyosoma binti, hakuwa na habari za msiba. Akasema kwa furaha, "Hongera mama, binti amechaguliwa. Mwambie aanze kujiandaa." Nikamjibu, "Asante mwalimu, nitamwambia." Nikakata. Nilishindwa kumwambia yule mwalimu kwamba mtoto hayupo. Nikaingia ndani, nikaanza kukunja nguo za binti, kama mtu anayemfungia mzigo wa safari. Baba watoto alinikuta hivyo. Akakaa kizingitini akalia, na mimi naendelea kukunja.

Ndipo nikaondoka kuja kwa dada. Mdogo nikaja naye, baba yake akabaki peke yake. Nilikuwa siwezi kumtazama.

Watu walisema ni majini. Mganga alinichanja, akanifukiza, hali ikawa ileile. Mwishowe dada akanipeleka kwa shehe. Huyu namshukuru mpaka leo. Alinisomea, akamaliza, akasema, "Mwanangu, dua nitaendelea kukuombea. Lakini wewe umeumia, na aliyeumia anapelekwa hospitali. Si dhambi." Nesi wa zahanati naye akatuelekeza Nachingwea, akasema yupo afisa ustawi wa jamii anayeshughulika na watu wa namna yangu.

Niliogopa. Nilidhani wananipeleka kwa vichaa. Njia nzima nilimshika dada mkono.

Yule mwanamke wa ustawi ni mdogo kwangu kwa umri, mtu wa mikoa ya huko mbali. Nilitegemea aniulize, haya eleza kilichotokea, maana kila mtu alikuwa anataka nieleze. Hakuuliza. Alisema, "Mama, chagua pa kukaa. Mlango tuufunge au tuuache wazi?" Nikasema wazi. Nikakaa mgongo ukiwa ukutani, mtu asipite nyuma yangu. Akasema, "Hapa hulazimishwi kusema. Ukitaka kuondoka, unaondoka, na siku nyingine unakaribishwa."

Siku ile ya kwanza tulikaa tu. Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu na kuvuta pumzi taratibu, niwe natazama vitu vilivyo karibu na kuvitaja kimoja kimoja, nikisikia hofu inapanda. Mnaweza kucheka, lakini ndicho kitu cha kwanza kilichonisaidia.

Nilirudi, nikarudi tena. Siku moja nikamwambia, "Nataka kusema, ila kwa Kiswahili maneno hayatoki." Mimi Kiswahili nimejifunzia shuleni, na sikumaliza. Uchungu wangu uko kwa Kimwera. Akasema, "Sema kwa Kimwera."

Nikamwambia, "Si hukijui?"

"Sikijui. Lakini nitakuwa hapa."

Ndugu zangu, nilisema. Nilisema yote, kwa lugha ya mama yangu, mbele ya mtu asiyejua hata neno moja. Kisima, matawi, ndoo ilivyobiringika, ule mkono mdomoni. Hakunikatiza, hakuniambia nyamaza, hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilipomaliza, khanga ilikuwa imelowa, na yeye macho yamelowa. Akauliza, "Naweza kukushika mkono?" Nikasema ndiyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Baadaye nilimweleza kwa Kiswahili, kidogo kidogo. Aliniambia mwili ukiona hatari kubwa unajilinda, na unaweza kuendelea kujilinda hata hatari ikishapita. Akasema mimi si kichaa. Halafu akauliza, "Na mzee, nani anamsikiliza?"

Nikampa namba ya simu ya baba watoto.

Alipoitwa, alikuja. Amekonda, shati linamning'inia. Alikaa mbali na mimi, mikono ameikalia, jamani, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. Yule mwanamke wa ustawi akamwambia anaweza kusema au kukaa kimya. Kisha akasema, hanitazami, "Kila mtu ananiambia nimemwokoa mke wangu. Hakuna anayesema kwamba nilimziba mdomo asimwite mwanawe. Labda angesikia sauti ya mama yake angekimbilia upande mwingine. Mimi sijui. Nilikuwa na mikono miwili tu, na mtoto alikuwa mbali."

Miezi yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki pale shambani. Kumbe na yeye hakutoka. Alibaki palepale, amenishika.

Nilimwambia, "Mume wangu, nyoosha mkono." Akaunyoosha. Niliushika mwenyewe. Mwili wangu ulishtuka, sidanganyi, lakini sikuuachia. Tulilia wote, na siku ile tulimlilia mtoto wetu kwa mara ya kwanza tukiwa pamoja.

Msidhani nimepona nikawa kama zamani. Matawi bado yananishtua, na kwenda shamba lile bado siwezi. Sasa tuna kipande cha shamba cha kukodi kule Likunja, baba watoto na mimi na yule mtoto mdogo. Akitaka kunigusa, huja kwa mbele, nimwone kwanza. Tumezoea hivyo.

Namshukuru dada yangu, aliyenilisha bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Namshukuru shehe, nesi, na yule mwanamke wa Nachingwea. Na ninyi mliokuja kukaa nami bila kusema kitu, Mungu awalipe.

Ninalowaomba ni hili. Aliyefiwa vibaya msimharakishe. Msimlazimishe kusimulia ili ninyi mjue. Msimwambie ana bahati ya kubaki hai. Mkitaka kumshika, muulizeni. Na akina baba wakikaa kimya, msidhani hawaumii.

Mwanangu hakurudi. Ushauri hauwezi kumrudisha. Ila kwa muda mrefu, kila nikimkumbuka, nilikuwa naiona ile asubuhi tu, kana kwamba hakuwahi kuishi siku nyingine. Sasa hivi zinanirudia nyingine. Juzi nilikuwa napepeta ufuta, nikamwona binti yangu kabisa, ameuchota kiganjani anautafuna, punje zimemganda midomoni, anabishana na baba yake mdomo umejaa. Nikakaa chini nikalia sana. Lakini nilikuwa namwona yeye.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.