Picha ya Nhàn Akicheka

Kijiwe chetu ni ubao mmoja na viti vya plastiki vifupi, ukikaa magoti yanakugonga kidevu. Kipo mtaa wa Chợ Lớn, uchochoro unapotokea barabarani, kando ya ukuta alipotundika kioo chake Sáu Kinyozi. Bi Năm anauza kahawa ya barafu na maziwa ya kopo. Ukiimaliza anakumiminia chai ya bure, na chai ikishakuwa maji matupu ujue unafukuzwa kwa adabu. Mimi ni bodaboda, nikikosa abiria nawahi kivuli. Tám Redio hana kazi hapa, ana maneno tu. Asubuhi hiyo Sáu alikuwa ananinyoa ndevu, povu mpaka masikioni.

— Umepigwa, Sáu, akasema Tám. Yule binti mtalii, ng'ambo ya barabara, mwenye kofia. Kakupiga picha mbili.

— Mwache apige.

— Mwache? Mimi nikienda nchini kwao nikampiga baba yake ananyolewa, si nitalala ndani?

— Wewe kwenu Bến Tre tu nauli inakushinda, akasema Bi Năm. Kwao utafika na nini?

— Bi Năm, haba na haba hujaza kibaba. Leo wanachukua pua, kesho sikio, mwisho wana mtu mzima kule.

— Wamfanyie nini?

— Kalenda. Binamu yangu alijikuta kwenye kalenda, mwezi wa tisa, kakumbatia bata. Hata bata hakuulizwa.

Nilicheka, Sáu akanikamata kichwa. — Tulia wewe, nitakukata.

— Mimi ubaya siuoni, nikasema kwa upande mmoja wa mdomo. Uso si bado unao?

— Lakini abishe hodi, akasema Bi Năm. Mtu anakukuta hujachana nywele, mdomo wazi kama chungu, anaondoka nawe hivyo hivyo. Hodi bei gani?

Tám akavuta kiti karibu, na Tám akivuta kiti ujue uongo umeiva.

— Nyie mnacheza. Kule kuna jengo, ghorofa hata kuhesabu huwezi, limejaa makabati. Nyuso zetu zote zimo. Vinyozi kabati lao, wauza samaki lao, wakaanga ndizi lao. Siku sisi tukiisha, wanatutoa mmoja mmoja, wanajenga Chợ Lớn nyingine yenye kiyoyozi.

Tukacheka wote isipokuwa Sáu. Aliufuta wembe kwenye taulo la begani, kisha akaufuta tena ingawa ulikuwa safi.

— Wakaanga ndizi wana kabati lao?

— Lao peke yao, kaka.

— Basi Nhàn yumo.

Hapo kicheko kikakatika. Nhàn ni marehemu mkewe. Alikaanga ndizi pale pale kando ya kioo, na picha hakutaka kuisikia, kwa sababu ya pengo la mbele. Hata akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Alipofariki ikapatikana picha ya kitambulisho tu. Studio wakaikuza, wakamvika áo dài ya bluu, vazi ambalo maisha yake hakuwahi kuwa nalo, wakambandika na shingo ya mtu mwingine. Ndiyo iliyopo kwenye madhabahu ya marehemu nyumbani, na kila asubuhi Sáu huiwashia udi.

— Ile shingo si yake, akasema. Nazungumza nayo kila siku, ni kama nazungumza na karani. Nimemkumbuka mke wangu, jamani.

Akaendelea mwenyewe.

— Kuna mzungu alimpiga picha, miaka hiyo. Mikono ya Nhàn ilikuwa imejaa unga, akashindwa kujiziba. Kacheka mdomo wote. Akaniambia, kimbia Sáu, mwambie afute. Nikamkimbilia. Jamaa akanionyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Pengo, unga shavuni, macho yamepotea kwa kucheka. Mtu mzuri vile, na mimi nilikuwa namwona hivyo ndani kwetu tu.

— Akafuta? akauliza Tám.

— Nikampungia mkono. Hivi. Usifute, acha, acha.

Akauzungusha mkono hewani kama tunavyofanya sote tukikataa kitu. Bi Năm akaweka birika chini.

— Sáu. Mtu wa mbali, ana kamera mkononi, unampungia hivyo. Ataelewa nini, aifute au aiache?

— Najua. Nilijua nikiwa njiani kurudi. Jamaa aliitikia kwa kichwa, akabonyeza kitufe, akaenda zake. Nikamwambia Nhàn imefutwa, akaridhika. Mpaka leo sijui kama nilimdanganya mke wangu au nilimwambia kweli.

Tám, kimya hakiwezi, akasema, — Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakati huo yule binti alikuwa anavuka barabara. Sura ya kwetu, lugha ya kibibi-bibi, ya waliozaliwa ng'ambo wakajifunza kwa bibi zao. Akakunja mikono kifuani kwa heshima, kama mtoto anayeamkia wakubwa.

— Shikamoo, babu. Nimekupiga picha bila ruhusa. Ukitaka nitaifuta.

— Mbona hukuomba mapema? akauliza Bi Năm.

— Nikiomba mapema, bibi, watu wananipa uso wa kitambulisho.

Sáu akaomba kuiona. Kisha tukainamia kamera. Mimi povu, yeye wembe mkononi, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kando ya kioo, lilipokaa jiko la Nhàn. Miaka yote ananinyoa, sikujua kuwa hutazama kule.

— Usifute, akasema. Safari hii mikono aliificha nyuma.

Tám akammwagia binti habari yote, mzungu, unga, kitufe. Binti akasikiliza mpaka mwisho, akaigeuza kamera.

— Babu, kamera nyingi ziko hivi. Hiki kinafuta. Hiki kinazima kioo tu, picha inabaki. Yule alibonyeza kipi?

Sáu akanyoosha kidole. Kikafika karibu kabisa na kamera, kikakaa hapo hewani, kisha akakirudisha taratibu, akachukua wembe. Bi Năm akatumiminia chai. Ilikuwa maji matupu, na hakuna aliyeinuka.