Upande Ulioachwa Safi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati shuleni kwetu, Mwalimu Kivuli anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, likamganda. Hata mkewe akipiga simu ofisini humuulizia Kivuli.

Chanzo chake ni grafu. Ipo mada moja iliyomfanya avue koti: kuonyesha, kwenye mihimili miwili, eneo lote ambalo y ni kubwa kuliko x, au ndogo kuliko x jumlisha tatu. Alianza na mstari: wa kukatakata kama wenyewe haumo kwenye jibu, mzima kama umo. Kisha alichagua nukta moja iliyo nje ya mstari na kuijaribu, ajue upande upi ni wa kweli. Aliyeruka hatua hiyo aliulizwa kwa upole kama viatu navyo hununua bila kuvijaribu. Mwisho alilaza chaki ubavu, akautia kivuli upande usiotakiwa. Jibu likabaki safi. Vumbi lote liliishia begani mwake, nasi walimu wenzake tukamtania kuwa naye yumo upande usiotakiwa.

Mwaka juzi paa la chumba cha pili, jirani na chake, liliharibika, madarasa mawili yakaunganishwa muhula mmoja kabla ya mtihani wa mwisho. Mwalimu wa chumba hicho alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hadi leo Mwalimu Kivuli humwita binti yangu. Binti huyo alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kutia kivuli upande unaotakiwa. Hakuna aliyekumbuka kulisema hilo. Katika zoezi la kwanza wanafunzi walibadilishana madaftari wasahihishane, kila kundi likasema wenzao wamekosea. Msichana mmoja wa chumba cha pili, aliyekuwa akimbembeleza baba yake amwache aendelee na hesabu, alipokea ukurasa uliojaa alama za kukosa. Akafunga daftari na kusema baba alikuwa sahihi, anaacha.

Ofisini kukawaka moto mdogo. Mwalimu Kivuli alishikilia kwamba mistari ikiwa mitatu na vivuli vikipandana, jibu utalitafuta kwa tochi. Binti yake alimjibu: "Lakini Mwalimu, mtu hupaka rangi ukuta anaoutaka." Tulidhani umri utaamua.

Kesho yake Mwalimu Kivuli aliingia darasani mapema, akachora swali lilelile mara mbili. Kushoto alitia kivuli kwa njia yake, kulia kwa njia ya binti yake. Katika kila mchoro, ndani ya jibu, akaandika HAPA. Kisha akamwambia yule msichana, mbele ya wote, kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa la walimu wawili wasioongea. Walimu hao wakalisahihisha upya daftari lake, wakiwa wameinama pamoja. Tangu siku hiyo hakuna grafu inayotoka chumba kile bila HAPA. Msichana hakuacha. Sasa anasomea upimaji wa ardhi.

Wiki iliyopita Mwalimu Kivuli alifundisha kipindi chake cha mwisho. Alichora mstari wima kwenye sitini, umri wake wa kustaafu, mzima, kwa kuwa siku ya kutimiza sitini nayo imo, akatia kivuli miaka yote iliyo kushoto. Darasa likanung'unika: yaani sisi ndio upande usiotakiwa? Akachukua kifutio, akafuta kivuli chote, akaandika HAPA kushoto, na HAPA kulia.

Binti yake, aliyeketi nyuma, alimwambia jibu hilo si sahihi. Akakubali kuwa si sahihi, akavaa koti.

Ubao huo haujafutwa bado. Mwalimu, asante kwa uvumilivu wako na kwa vumbi lako. Huko kulia kwa mstari uwe na afya, usingizi mtamu na watu wa kubishana nao. Na huku kushoto, nafasi yako ipo palepale ulipoiandika.