Mukeba Wangu Alivyonitembeza

Assalam aleikum, dada zangu. Nitasema nimekaa, maana mguu huu hauvumilii kusimama.

Wengi mnanijua kwa duka la vitenge hapa mtaani Buyenzi. Mume wetu, mi na mukeba wangu, yaani mke mwenzangu, alipouawa njiani, gari alilopanda lilipopigwa risasi, niliacha kila kitu. Nilikuwa nimeshaambiwa nina ugonjwa wa sukari. Daktari alisema, "Dawa peke yake apana, mama. Utembee kila siku, na watu wa nyumbani watembee na we." Nilicheka. Nitembee wapi, na risasi zinatoka milimani? Ndugu zangu, nawaambia ukweli: vita nilivifanya kisingizio. Nililala mchana, nikanywa chai ya sukari tele, dawa nikazitupa. Watoto wangu watatu nao wakawa wa kukaa tu sebuleni, kimya, kama wazee.

Kidonda kikatoka mguuni. Nilikificha kwenye soksi mpaka kikanuka. Hospitali wakakata vidole viwili.

Wiki hiyo hiyo mtaa wa Musaga ukachafuka kwa mapigano. Mukeba wangu, yule mke mkubwa wa mume wetu, akakimbilia kwangu na binti yake, godoro kichwani. Miaka minane tulikuwa hatusalimiani. Nilimpa chumba kwa kuogopa maneno ya watu tu.

Mguu ulipopona, alasiri moja aliingia chumbani, akafungua dirisha.

"Amuka."

"Niache! Unanitakia nini?"

"Mi sikupendi, we unajua," akasema. "Lakini hawa watoto wamezika baba yao. Mwaka huu hawaziki mutu mwingine. Vaa viatu."

Nilimtukana. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akapiga magoti, akanivalisha mwenyewe. Hapo nililia, mara ya kwanza tangu tumzike mume wetu.

Tulizunguka ua, kutoka jikoni hadi kwenye bomba la maji, mara tatu, mi nachechemea. Kesho yake mara nne. Watoto walitucheka, halafu wakafuata nyuma. Binti yake akaleta kamba ya kuruka. Siku moja milio ilianza, sote tukalala kwenye vumbi. Ilipotulia, mukeba wangu akajipangusa: "Tumebakiza mizunguko sita." Siku nyingine hatukuthubutu kutoka kabisa, tulitembea koridoni, watu sita, tukigongana.

Sijapona. Sukari haiponi, vita navyo bado, na jicho langu la kushoto linaona ukungu. Lakini dawa nameza, na baada ya swala ya Alasiri hakuna wa nyumba yangu anayebaki amekaa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyeniosha kidonda bila kuziba pua. Namshukuru na yule mwanamke aliyenivalisha viatu, aliyekaa pale nyuma, anayenikazia macho kwa sababu natoa mambo ya nyumbani. Dada zangu, mkiwa na mgonjwa, msimwambie, "Nenda ukatembee." Mshikeni mkono, mumwambie, "Twende."