Sajini Urbain Walumona, Mwenye Nyumba ya Mulongwe (1957–2013)

Baba yetu, Urbain Walumona, alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba kati ya watoto wawili. Alisoma shule ya msingi hapo hapo. Karo ilipokosekana, yeye ndiye aliyeacha masomo ili mdogo wake Firmin abaki darasani.

Mwaka 1978 aliingia jeshini. Juni 1985, huko Moba, risasi zilimvunja mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti. Alirudi Uvira na magongo, akajenga nyumba ya matofali mtaa wa Mulongwe. Kwa kuwa alilemaa vitani, alipewa barua ya kusamehewa kodi ya nyumba hiyo maisha yake yote.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Célestine. Siku hiyo alikataa kiti, akacheza mpaka gongo moja likavunjika.

Vita vya 1996 vilitukimbiza, Firmin akaachiwa nyumba aitunze, pamoja na ile barua ya kodi. Baada ya miaka ya kambini Tanzania, tulifika Stockholm, Uswidi, Novemba 2003. Tulipanga mtaa wa Alby, Baba akapata mguu wa bandia, na kazi ya kutengeneza viatu mtaa wa Skärholmen.

Mwaka 2008 jirani yetu wa zamani, Mama Theresia, alipiga simu kutoka Uvira, akimwita Baba kwa jina la kaka yangu. "Baba Bonheur, kumbe ulirudi? Kila mwaka jina lako linaitwa kwenye ofisi ya kodi!"

Aliyekuwa akiitika ni Firmin. Mwenye miguu yake miwili mizima, alikuwa akienda na ile barua, akichechemea, akijiita Sajini Urbain. Sasa alitafuta mnunuzi wa nyumba kwa jina hilo hilo.

Baba hakumpigia simu. Alilimbikiza siku zake za likizo, na Januari 2009 alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ile Firmin alipoingia akiegemea fimbo.

"Mimi ndiye Sajini Urbain," Firmin alimwambia karani.

Baba alifungua mguu wake wa bandia, akauweka juu ya meza. "Wangu ni huu. Weka na wako, tuuone."

Firmin alifungwa miezi kumi na minane. Mke na watoto wake walitolewa kwenye nyumba ya Baba wiki hiyo hiyo, mvua ikinyesha, na Mama Theresia akapewa funguo. Bibi yetu alipiga simu akilia. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakata.

Mwaka 2011 figo zilianza kumshinda. Mchungaji Évode alimsihi hospitalini amsamehe ndugu yake. "Mchungaji," alisema, "mimi nilisamehewa kodi kwa sababu nilitoa mguu. Firmin alitoa nini?" Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Februari 2013.

Ameacha mjane, Célestine, mwanawe, Bonheur, na mimi bintiye, Emmanuella, ninayewasomea. Juzi Firmin alipiga simu akiomba aandikwe hapa kama mdogo wake mpendwa. Mama alisema tumwandike, yaishe. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Marehemu hakuacha ndugu.

Lala kwa amani, Baba.