Sikio Kwanza, Geji Baadaye: Risala ya Mafundi wa AC za Magari, Igogo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kokulinda, Mkuu wetu wa Wilaya, shikamoo.

Tulikusikia kabla hatujakuona. Gari lako likiwa bado nyuma ya ukuta, tulisikia ka! Kimya. Ka! Mwenyekiti wetu, Mzee Mashimba, akainua kidole: "Kompresa hiyo. Inawaka, inakata." Ndipo ukatokea, vioo vyote vinne chini, ukijipepea kwa ratiba ya ziara. Karibu Igogo, Mama. Umefika panapotibiwa ugonjwa huo.

TULIKOTOKA

Tuko mafundi kumi na mmoja. Tulianza miaka tisa iliyopita chini ya bati moja, kwa geji moja ya kupimia gesi, nayo ya kuazimana. Darasani hatukupita. Walimu wetu ni magari ya zamani, maana wenye magari mapya hawatujui. Hapa fundi huingia kwenye gari, hunyamaza na kusikiliza. Geji hufuata.

TUNACHOJIVUNIA

Tunajivunia kosa letu. Mwaka juzi dereva Ndalahwa alituletea gari la wagonjwa kutoka Misungwi, AC ikipuliza hewa ya pasi. Tukaongeza gesi, tukaligeuza litazame ziwa lililo mbele yetu hapa, kama tulivyozoea, tukapima. Baridi safi! Kesho yake akarudi. Tukaongeza tena. Mara ya tatu akatuuliza mbele ya wateja, "Wadogo zangu, nyie mnatibu gari au mnalileta kupunga upepo?"

Tulicheka, lakini ilituuma. Mwenzetu Sabina akaliegesha gari nyuma ya ukuta, limeligeuzia ziwa mgongo. Dakika tano, joto likarudi. Kumbe upepo wa ziwa ndio uliokuwa ukitufanyia kazi! Sabina akafungua mbele. Kati ya rejeta ya injini na ile ndogo ya AC, wadudu wa ziwani walikuwa wameshonana kama blanketi. Tukaosha, tukapunguza gesi tuliyozidisha. Muuguzi wa gari hilo, Paskazia, alipopanda, aliomba sweta. Siku hiyo tuliandika ukutani:

Kiyoyozi kikilia, usiilaumu gesi,
Kwanza mbele chungulia, hewa haina nafasi,
Kwa brashi ukipitia, baridi huja upesi,
Fundi asiyesikia, dawa yake wasiwasi.

Tangu hapo hakuna gari linalopimwa hapa likitazama ziwa.

KINACHOTUUMIZA

Mheshimiwa, magari ya serikali sasa hayaruhusiwi kuguswa na fundi asiye na cheti. Hatulaumu utaratibu huo. Gari la wagonjwa si la kujifunzia. Ila wiki iliyopita Ndalahwa alipita hapa na mama mjamzito, vioo vimeshushwa, vumbi lote linaingia. Tukasikia ka! Kimya. Ka! Mafundi kumi na mmoja tulisimama na spana mkononi, tukajua kinachoisumbua AC yake, tukalitazama gari likipita.

TUNACHOOMBA

Hatuombi kuhurumiwa, wala cheti cha bure. Tunaomba tupimwe. Mtuletee mtahini mkali kuliko wote mlio nao, aje na gari bovu analolijua yeye mwenyewe, atufunge hata macho akipenda. Atakayeshindwa, aende akasome, na nauli tutamchangia wenyewe. Atakayefaulu, apewe karatasi yake. Na tukishapata karatasi hizo, Mama, ukituachia funguo za gari lako wakati wa chakula, utarudi umefunga vioo.

Mungu akulinde barabarani, aibariki kazi yako na wote wanaobebwa wakiwa wagonjwa katika wilaya hii. Ni sisi watoto wako, Kikundi cha Mafundi wa AC Igogo, kwa sauti ya katibu wetu, Elias Maige.

Nawe kaka Ndalahwa, tunakuona pale getini. Simama wakusikie tukikuahidi mbele ya Mkuu wa Wilaya: siku tutakayoruhusiwa kufungua boneti lile, gari lako hatutalipima likitazama ziwa. Tutapanda nalo mpaka Misungwi, saa nane mchana, sisi tumekaa nyuma, pale anapolala mgonjwa.