Siku Waliponinyang'anya Kiti

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu aliyetukusanya tena katika ukumbi huu wa Kajiado, sisi watu wa magongo. Mwenyekiti amenisimamisha kwa sababu kila tukikutana wageni wanauliza swali moja: "Mzee, chuma gani ni bora?" Mmoja ameambiwa atawekewa msumari, mwingine kibamba, mwingine chuma cha nje, na kila mmoja ameshashauriwa na jirani ambaye hajawahi kuvunjika hata kidole. Nitajibu. Lakini nivumilieni, jibu langu lina safari ndani yake, na majina ya watu sitayataja.

Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Nilitoka kaskazini mashariki nikiwa kijana, nikakaa Kitengela wakati nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya nyumba. Kila siku ya mnada nilikuwa hapa Kajiado. Utotoni nilisomeshwa chuo cha Kurani, na kwa miaka mingi mahali pangu msikitini palikuwa safu ya kwanza. Kwa wale wasiojua: tunaposwali tunasimama kwa safu, bega kwa bega, bila pengo, kisha tunashuka mpaka paji la uso liguse chini. Hiyo inaitwa sijida. Tumefundishwa kwamba hapo ndipo mtu anapokuwa karibu zaidi na Mola wake. Shikeni neno hilo, kwa maana taabu yangu yote ilikuwa hapo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunapakia mafahali kwenye lori. Mmoja akageuka katikati ya njia ya kupandia, akanibana kwenye nguzo. Nilisikia paja langu likivunjika kama kuni kavu. Nikaanguka kwenye vumbi.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo watu wa mifugo wanalijua. Ng'ombe akivunjika mguu mnadani, hapati daktari. Anapata mchinjaji. Mimi mwenyewe niliuza wengi wa namna hiyo, bei ya kutupa, kabla jua halijazama. Nilipokuwa chini pale, nimezungukwa na viatu vya watu, nilijua wananitazamaje, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiwatazama wale ng'ombe.

Rafiki yangu Mmaasai, dalali wa ng'ombe, ndiye aliyenipeleka hospitali. Njiani akaniambia, "Mzee, shukuru Mungu wewe si fahali. Saa hii tungekuwa tunagawana supu." Nilicheka huku nalia.

Mfupa wa paja ulikuwa umekatika katikati. Pale nilipolazwa hakukuwa na vifaa vya kupasua mfupa kama huo, basi walifanya walichoweza. Walipitisha pini chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda na kuning'inia na vizito. Vizito vinavuta mguu ili mfupa unyooke na kushikana wenyewe. Ni tiba ya kweli, na wako humu ambao imewaponya. Lakini unalala chali, huendi popote, wiki zinapita juu yako kama mawingu.

Upande wa kulia nilikuwa na mkulima wa vitunguu kutoka Kitengela, mtu wa kanisa, aliyeanguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji. Alikuwa amepasuliwa hospitali nyingine, akaletwa kwetu kupona karibu na nyumbani. Mkononi aliwekewa kibamba, yaani kipande bapa cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, mguuni msumari mrefu ndani ya mfupa. Alikuwa akisema, "Mimi ni duka la vyuma. Nikifa msiniletee padri, niitieni mtu wa vyuma chakavu." Upande wa kushoto alikuwepo mpakiaji wa mchanga aliyekanyagwa na tinga, lile trekta la kubeba mchanga. Mfupa wake wa muundi ulikuwa umetoka nje, kidonda kimejaa mchanga. Huyo alikuwa na chuma cha nje, fito zilizoingia mfupani na kushikwa na fremu juu ya ngozi. Hakuweza kuvaa suruali. Alivaa shuka, na fremu akaifunika kwa mkono wa sweta ili watoto wake wasiogope.

Siku moja mkulima aliniuliza, "Wewe mzee, kwa nini ukiomba unaangalia ukuta wa choo?"

Nikamwambia kibla changu kiko upande wa dirisha, lakini kitanda hakijui.

Akapaza sauti: "Sista! Huyu mzee tumemweka aombe choo!"

Muuguzi alikuja akicheka. Yeye na mwenzake walikizungusha kitanda pamoja nami na vizito vyangu, mkulima akiwa kwa gongo lake anawaelekeza kama anayeegesha lori: "Rudi! Rudi! Hapo!" Basi miguu yangu ikaelekea kibla, kama inavyotakiwa kwa mgonjwa asiyeweza kugeuka. Kwa siku zile niliswali nikiwa na furaha.

Lakini mkulima, kwa sababu ya ule msumari, alikuwa anatembea kwa gongo tayari. Akaenda nyumbani. Mpakiaji naye kidonda kikakauka, akafundishwa kusafisha fito zake mwenyewe, akaenda na fremu yake chini ya shuka. Wodi ikapigwa deki, kitanda changu kikarudishwa kilivyokuwa. Nilijua hukumu, mgonjwa anaswali alivyo, wala nisingekosa thawabu. Nimewafundisha wengine hivyo. Lakini kuijua ruhusa ni jambo moja, na kuishi ndani yake ukiwa peke yako ni jambo jingine.

Saa ya wageni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto wako mbali kaskazini. Watu wa mnada walikuja mwanzoni, kisha biashara ikawavuta, maana sisi ni watu wa kuhama. Wageni wakiingia nilifumba macho kama niliyelala, ili wasione ninatazama mlango. Dalali peke yake ndiye aliyekuja akipata nafasi, akiniletea maziwa na bei za ng'ombe.

Baadaye nilipelekwa kwa daktari wa mifupa. Alitazama picha kwenye taa, akavuta kiti, akakaa. Alisema, "Mzee, mfupa haujashikana. Tunaweza kukufungua paja na kuufunga kwa kibamba na skrubu. Utanyooka vizuri, lakini itabidi usiukanyagie mguu kwa muda mrefu. Au tupitishe msumari ndani ya uboho kuanzia nyongani. Huo unabeba uzito pamoja na mfupa, kwa hivyo unaweza kusimama mapema. Chuma cha nje ni cha mtu mwenye kidonda kichafu, na wewe huna. Njia zote zinaweza kuingia usaha, na mfupa unaweza kukataa tena. Sitakudanganya."

Nilimuuliza swali moja tu: "Ipi itanirudisha kwenye sijida?"

Hakuwa Mwislamu, lakini hakucheka. Aliniambia nimwonyeshe kwa mikono jinsi mwili unavyoshuka. Nikamwonyesha. Akaligusa goti langu, likakataa kukunjika.

"Hakuna chuma kitakachokupeleka chini, mzee. Goti limekaa muda mrefu, ni kama bawaba yenye kutu. Msumari utashika mfupa ili goti lianze kazi mapema. Kazi yenyewe ni yako, na inauma."

Nikasema, bismillahi, tia msumari. Kuna aliyeniletea maneno kwamba nitazikwa na chuma mwilini. Nilimjibu kwamba aliyeniumba hatashindwa kunitambua.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillah. Mfupa safari hii ulishika. Mtadhani ushuhuda umeishia hapo. Hapana. Hapo ndipo nilipozama.

Nilirudi kwenye chumba changu Kitengela. Kila siku nilitakiwa kukaa ukingoni mwa kitanda na kulisukuma goti lishuke. Maumivu yale hakuna anayeyaona. Wodini mtu akilia kuna mwenzake wa kumtania, lakini pale kulikuwa na ukuta na saa. Msikitini nilibeba kiti cha plastiki, nikakaa nyuma karibu na viatu ili nisiharibu safu. Ndugu zangu, mkiwa mmekaa kwenye kiti na wenzenu wamesujudu, mnachokiona ni nyayo tu. Ijumaa nyingi nilitazama nyayo za watu niliokuwa nikisimama nao. Daktari alikuwa ameshaniruhusu kujaribu kushuka chini. Mimi nilijaribu mara moja chumbani, nikaanguka ubavu, nikaogopa. Nikaacha mazoezi. Kisha nikaacha msikiti wenyewe, nikaswali chumbani, mlango umefungwa.

Asubuhi moja ya Ijumaa mlango ulibishwa. Ni dalali, na nyuma yake yule mkulima wa vitunguu. Walikuwa wamejuana wodini.

"Sopa, mzee!" dalali akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa."

Dalali hakukaa. "Tunasikia siku hizi huendi kuomba."

"Naomba hapa."

"Na nani?"



Walinitoa. Mkulima akasema atanibebea kiti, nikamshukuru. Tulipofika msikitini nilivua viatu, nikaingia, nikageuka kukipokea. Kumbe bwana mkubwa amekiweka chini ya kivuli cha ukuta nje ya mlango, amekikalia, kofia juu ya goti.

"Leta kiti."

"Kiti kiko na mtu."

"Wewe! Watu wanasimama!"

"Enda basi. Na mimi mguu wangu uko na msumari, unataka kupumzika."

Dalali alikuwa amechuchumaa karibu naye, meno yote nje. "Mzee, umenunua ng'ombe maisha yako yote. Hujaona? Hata fahali mzee akitaka kulala, anaanza na magoti."

Nilikasirika kweli. Lakini takbiri ya kuanza swala ilikuwa imeshapigwa, na aliye mwisho wa safu ya nyuma alikuwa amesogea, ameniachia nafasi kando ya ukuta. Nikasimama pale. Bega langu likagusa bega la mtu. Wenzangu walipokwenda chini, nilishika ukuta, mguu mbovu nikauachia uende pembeni, nikashuka kama gunia linaloteleza kutoka kwenye lori. Goti liliuma mpaka nikaona nyota. Kisha paji langu likagusa mkeka.

Imamu aliinuka, safu ikainuka, mimi nikabaki chini. Kuinuka ningeweza. Sikutaka. Niliunusa ule mkeka, vumbi la Kitengela na jasho la watu, na sikuwa peke yangu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi waliokizungusha kitanda, daktari aliyeniambia ukweli akiwa ameketi, na rafiki zangu wawili ambao hawakunipa raha.

Sasa jibu. Paja langu lilipatana na msumari. Mkono wa mkulima ulipatana na kibamba. Mguu wa mpakiaji uliokolewa na chuma cha nje ambacho watoto walikiogopa. Na wengine hapa walipona kwa vizito tu. Usiniulize mimi chuma bora. Muulize daktari: kwa mfupa wangu huu, na kidonda changu hiki, kila njia itanidai nini baadaye? Halafu jiulize nani atakuja kubisha mlango. Na ninyi mlio wazima, mleteeni mgonjwa kiti. Lakini ikifika siku yake, muwe na moyo wa kukikalia.

Goti langu halijakunjika lote mpaka leo. Mwisho wa safu, kando ya ukuta, wananiachia nafasi ya mguu. Na kile kiti mtakiona mkigeuka, pale mlangoni mwa ukumbi huu, kimekaliwa na mzee mwenye kofia gotini anayejifanya amelala. Sitamwomba anirudishie.